Jani Moja Huzaa Bustani

Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini hawakumkataza mwenyeji kumwuliza mgeni jina lake na atokako.

Hivi karibuni jirani yangu hapa Tanga alinishika mkono akanipeleka uani kwake. Katika debe kuukuu ulikuwamo mmea wenye majani manene ya kijani. "Wifi yangu aliniletea jani moja tu," akasema, "na leo ninayo miche kumi na miwili. Nimeambiwa niwachemshie watoto wanywe wakikohoa. Si ndio mshubiri huu, dada?"

La hasha, sio mshubiri. Na kosa hilo la jina laweza kuidhuru nyumba.

KUUTAMBUA

Mshubiri una majani marefu yaliyochongoka, yenye miiba kandokando, nayo hutoka pamoja shinani. Mmea wa jirani yangu una shina lililosimama, lenye uwazi ndani, na majani ya mviringo yaliyopangika mawili mawili. Ukingo wa kila jani una mapengo madogo, na humo ndimo vitoto vyake huchipukia.

Wataalamu huuita Kalanchoe pinnata, na vitabu vingine huuita Bryophyllum pinnatum. Asili yake ni Madagaska. Ndugu zake wa Afrika Mashariki, kama vile Kalanchoe densiflora, huyasimamisha maua yao yakitazama juu. Huyu mgeni huyainamisha maua yake kama kengele, yakiwa ndani ya vifuko vyepesi mithili ya karatasi. Goethe, mshairi mashuhuri wa Ujerumani, aliupenda mno, hata akawa akiwapelekea rafiki zake majani yake wayapande.

Watu wa Tanga hawatashangaa kusikia kwamba mmea huzaa pasipo mbegu. Mkonge, ulioletwa kwetu mwaka 1893 kutoka Florida, nao hupandwa kwa vichipukizi viotavyo juu ya mti wa ua lake. Mimea hii miwili ina siri moja zaidi: hufunga vitundu vya majani yake mchana wa jua kali isipoteze maji, ikavifungua usiku kuvuta hewa. Hewa hiyo huhifadhiwa ndani ya jani kama asidi. Ndiyo sababu Benjamin Heyne, mtaalamu wa mimea aliyekuwa India, aliandika mwaka 1813 kwamba jani la mmea huu ni chachu asubuhi, na ukali huo hupotea kadiri mchana unavyoendelea. Wewe msomaji usimwige kwa kuonja.

KUUPANDA

Toboa kopo au debe chini ili maji yapite. Changanya udongo na mchanga, na utie kokoto au vipande vya matumbawe chini kabisa. Lilaze jani zima juu ya udongo, usilifukie. Lowesha kidogo, uliweke penye mwanga usio wa jua la utosi. Vitoto vikishatoa mizizi na majani mawili matatu, vitenge, kila kimoja katika kopo lake.

Baada ya hapo, mwagilia udongo ukikauka tu. Wakati wa masika ondoa kopo penye mvua, kwani maji yakituama shina huoza. Adui wa mmea huu ni wingi wa maji kuliko kiangazi.

TAHADHARI

Mmea huu una sumu inayoshambulia moyo, na maua ndiyo yaliyo makali zaidi. Huko Australia umeua ng'ombe walioula malishoni. Ni kweli kwamba katika nchi nyingi watu huutumia kama dawa. Lakini mama hana mizani ya kupimia sumu iliyomo katika sufuria yake, na moyo wa mtoto ni mdogo. Kikohozi kisichokoma kipelekwe zahanati.

Liweke kopo mahali ambapo mbuzi na watoto hawafiki. Ukipogoa, usitupe majani jalalani wala kichakani, maana kila jani lililoanguka ni shamba jipya. Yaanike juu ya bati au saruji yakauke kabisa, kisha uyachome.

Jirani yangu hakuing'oa miche yake. Aliipandisha juu ya ukuta, na sufuria akairudisha jikoni kwa kazi yake ya chai. Alikuwa ameuliza kabla ya kuwasha moto, na asiyeuliza hanalo ajifunzalo.