Programu Inayofanya Kazi Mtandao Ukikata

Mtengeneza programu anapochagua zana zake za kila siku, yaani mfumo endeshi wa kompyuta, kihariri cha kuandikia msimbo na mahali pa kuhifadhi data, watu wengi hudhani ni suala la mapenzi yake tu. Miradi anayoiandika usiku bila malipo nayo huitwa mchezo. Naamini tunakosea katika yote mawili. Machaguo hayo ndiyo huamua programu itamfaa nani na itamwacha nani nje, na ushahidi wake unaonekana vizuri Nyamongo, eneo la dhahabu wilayani Tarime, kilometa kama 20 kusini mwa mpaka wa Kenya, pamoja na ng'ambo ya Mto Mara, wilayani Serengeti. Dhahabu ya Nyamongo inajulikana hadi kwenye masoko ya hisa ya dunia. Vijiji vinavyoizunguka, pamoja na vile vya Serengeti, kwa muda mrefu vilikuwa karibu havimo katika ramani za simu.

Pengo hilo lina gharama. Utafiti wa Afya na Demografia wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa asilimia 32 ya wanawake wa Mkoa wa Mara walikuwa wamekeketwa, wakati kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 10, ingawa sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Msimu wa ukeketaji huwa mwishoni mwa mwaka, na wasichana wanaoukimbia hupokewa katika nyumba salama, ikiwamo ile ya Mugumu inayoendeshwa na shirika la Hope for Girls and Women, lililoanzishwa na Rhobi Samwelly. Msichana anayeomba msaada hutaja jina la kijiji au kitongoji. Gari la polisi au la shirika linahitaji kujua njia ya kufika huko, mara nyingi usiku, mahali ambapo mtandao unasuasua.

Mwaka 2015 Janet Chapman wa Uingereza alianzisha Crowd2Map, mradi wa kujitolea wa kuchora ramani ya vijiji vya Tanzania. Maelfu ya watu duniani walikaa mbele ya kompyuta wakifuatisha barabara na mapaa ya nyumba kutoka katika picha za setilaiti. Lakini setilaiti huona bati tu; haijui kama chini yake kuna zahanati, duka au kanisa, wala kijiji kinaitwaje. Hayo yaliongezwa na wenyeji wenye simu janja, na hapo ndipo uchaguzi wa programu ulipokuwa na uzito. Walitumia Maps.me, programu ambayo hupakua ramani ya mkoa mara moja, kisha hufanya kazi bila bando, kwa kuwa simu hupokea ishara za GPS moja kwa moja kutoka angani. Wanawake waliofundishwa kutoa taarifa za ukatili vijijini walitumia fomu za ODK, zana iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani mwaka 2008. Fomu hujazwa kwa Kiswahili, hubaki ndani ya simu, na hutumwa siku mtandao unapopatikana. Mbunifu ambaye angedhani kila mtu yuko kwenye intaneti saa zote asingewafaa wanawake hao.

Ramani yenyewe, OpenStreetMap, ilianzishwa na Steve Coast nchini Uingereza mwaka 2004, baada ya kuchoshwa na data za ramani zilizofungiwa. Programu ya QGIS, ambayo wachora ramani wengi huitumia, ilianzishwa na Gary Sherman mwaka 2002 akitafuta njia ya kutazama ramani kwenye mfumo endeshi wa Linux. Hata lugha ya kuandikia msimbo ya Python ilianza kama kazi ya kujishughulisha ya Guido van Rossum wakati wa Krismasi ya 1989. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewalenga watu wa Tarime. Waliacha msimbo au data zao wazi, basi wengine wakaweza kuzitumia mahali ambapo waanzilishi hawakupawazia.

Kuna anayeuliza kwa nini tusitosheke na ramani ya kampuni kubwa, ambayo tayari imo katika simu nyingi na inaweza kupakuliwa kabla ya safari. Ni swali la haki. Lakini data za ramani hiyo huwezi kuzitoa ukatengeneza programu yako, na mwenye kampuni ndiye anayeamua kama kitongoji kisicho na biashara kinastahili kuchorwa. Mwingine husema programu huria hazina mwenyewe, wanaojitolea wakichoka zinakufa. Historia ya Maps.me inajibu hoja hiyo vizuri kuliko maneno yangu. Msimbo wake uliwekwa wazi mwaka 2015. Programu ilipouzwa mwaka 2020 na watumiaji kutoridhika na mwelekeo mpya, baadhi ya waanzilishi wake walichukua msimbo uleule, na mwaka 2021 wakatoa Organic Maps. Leseni iliwaokoa watumiaji.

Hoja ninayoiona nzito kuliko zote ni ya usalama. Ramani huria huonwa na kila mtu, pamoja na mzazi anayemtafuta binti aliyekimbia. Kwa hiyo mtengeneza programu mwaminifu hutenganisha mambo mawili: barabara, shule na majina ya vijiji yawe ya umma, taarifa za msichana zikae mahali pengine kabisa, penye nywila, chini ya shirika linalomlinda. Asiyefikiria hilo tangu siku ya kwanza asiguse kazi hii.

Riziki je? Wizara ya Afya hukusanya takwimu za vituo vya afya nchini kwa DHIS2, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kuikuza kwa miaka mingi. Kijana aliyejifunza zana kama hiyo kwa hiari yake ana ujuzi unaotafutwa.

Kazi ya kuanzia ipo palepale Nyamongo. Marekebisho ya mwaka 2017 ya Sheria ya Madini yanamtaka mchimbaji mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa kuhudumia jamii kwa kukubaliana na serikali za mitaa. Halmashauri ya Wilaya ya Tarime itoe orodha ya madarasa, visima na zahanati zinazojengwa chini ya mpango huo, na vijana wanaojua kuandika msimbo waiweke kwenye ramani inayofunguka bila bando, kijiji kwa kijiji, kwa Kiswahili. Waanze na kijiji kimoja.