Kulenga mbali: mkubwa wa mashindano ni ule anayeweza kusema «Simama!»

Ukiwaambia watu wa Pangi kwamba kuna inchi kwenye watu mia moja wanaamka asubui, kila mtu na bunduki yake, wanaenda kukutana kwenye kilima, wanapiga masasi mpaka mangaribi, na kisha wote wanarudi nyumbani wazima, wengi watakuona kama muongo. Kwetu bunduki haina mchezo. Tangu vita ya 1996, katika Maniema mlio wa lisasi ulikuwa na maana moja tu: shika mtoto, acha sufuria kwenye moto, kimbia. Hatuandike habari hii kwa kusahaulisha mtu jambo hilo.

Lakini mchezo huo uko, na sheria zake ni kali kupita za mpira. Tulipozisoma moja kwa moja, tulishangaa. Tulikuwa tunafikiri tutajifunza mambo ya bunduki, kumbe tulikuwa tunasoma mambo ya shimo: namna gani watu wengi wanaweza kufanya kazi ya hatari pamoja, siku nzima, bila kulilia mtu mangaribi. Ndiyo maana tunawaletea habari hii ninyi wachimbaji wa Kalima, wa Kampene na wa Pangi yote, na wamama wanaobakia nyumbani wakingojea.

Mchezo wenyewe

Kulenga mbali kwa mashindano kulianza zamani. Uingereza, mwaka 1860, Malkia Victoria mwenyewe ndiye aliyepiga lisasi ya kwanza pale Wimbledon. Bunduki ilikuwa imefungwa juu ya chuma ili isitikisike, na shabaha ilikuwa mbali ya yadi 400, ni kusema mita 366 hivi. Mwaka 1890 mashindano yale yalihamia Bisley, na mpaka leo yako pale. Mwisho wake unapigwa kwa yadi 900 na yadi 1.000. Yadi 1.000 ni mita 914: ni kama kusimama kwenye mlango wa kanisa na kulenga sahani iliyo mtaa wa tatu.

Kwa Bisley mtu analala chini, anatulia, anapiga. Nyuma yake kukazaliwa mchezo mwingine wenye mwendo. Mwaka 1976, kule Columbia, katika Missouri ya Marekani, walianzisha IPSC, chama cha kulenga kwa vitendo. Na mwaka 2012, Marekani vilevile, kukaanza mfululizo wa mashindano ya bunduki ndefu unaoitwa PRS. Katika ile, mtu hapewi mahali pazuri pa kulala. Anapewa ngazi, ukuta wa mbao, rundo la magurudumu ya motokari, paa la nyumba, na anaambiwa: piga kutoka hapa. Mara nyingi anapewa sekunde 90 ao 120, masasi kumi hivi, na sahani za chuma zilizopangwa toka mita 300 mpaka mita 1.000 na zaidi. Kila sahani iliyogongwa ni pointi moja. Mashindano ya siku mbili yanaweza kuwa na vituo 20.

Mwaka 2022 inchi nyingi zilikutana Ufaransa kwa kutafuta bingwa wa dunia. Katika Afrika, wenye kujulikana sana ni Afrika Kusini. Kwa jirani zetu, Kenya wana kiwanja cha kulenga pale Kirigiti, katika Kiambu, pembeni ya Nairobi. Na Mkenya mmoja mwanamke, Priscilla Mburu, alienda kulenga kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016.

Mbele ya lisasi ya kwanza

Watu wanafikiri kazi kubwa ni ya yule anayepiga. Hapana. Kazi kubwa ni ya yule anayetengeneza mashindano, na kazi yake inaanza miezi mingi mbele.

Anaanza na udongo. Lisasi ya bunduki kubwa ikikosa sahani, haianguke pale. Ikipata njia juu, inaweza kufika kilomita 4 hivi. Kwa hiyo mkubwa wa mashindano haangalie tu shabaha, anaangalia kinachokuwa nyuma ya shabaha. Kuna kilima cha kuzuia? Kuna njia ya shamba? Kuna kijiji upande ule wa pili? Kama hana jibu, hapana mashindano. Pale kwenye njia anaweka walinzi na bendera nyekundu. Kwetu katika Maniema, mahali pa namna ile si rahisi kupata. Msitu unafunga macho, na nyuma ya miti kunaweza kuwa mama anayetoka kuchimbua mihogo. Wazee Warega waliwinda na wavu na mbwa wenye kengele: kila mtu anajua mwenzake amesimama wapi.

Kisha anapima. Kila sahani inapimwa umbali wake, inatundikwa ili lisasi ikivunjika vipande vianguke chini, inapakwa rangi nyeupe ili alama ionekane. Na mbele ya watu wote, marefa wanapita vituo vyote wao wenyewe. Mara nyingi wanapiga siku moja mbele ya wengine. Hii iko na faida mbili. Wanaona kituo kibaya mbele hakijaumiza mtu, na hakuna anayeweza kusema refa hajui uzito wa kazi aliyowapa wengine.

Asubui ya siku yenyewe, wote wanakusanyika. Hata bingwa anasimama na kusikiliza. Wanaelezwa: gari la kubeba mgonjwa liko wapi, nani anajua kufunga kidonda, njia ya hospitali ni ipi, neno la kusimamisha ni lipi. Mtu aliyechelewa maelezo hapige mpaka aelezwe peke yake.

Upepo hauna ndugu

Kwa mita 1.000, lisasi inakaa katika hewa karibu sekunde mbili. Ukilenga vizuri kabisa, upepo wa pembeni wa kilomita 16 kwa saa unaweza kuisukuma mita mbili na zaidi. Kwa hiyo mlengaji anasoma majani, vumbi, na ule mvuke wa joto unaotetemeka juu ya udongo wakati wa jua. Akigonga, hasikii palepale. Sauti ya chuma inarudi polepole, sekunde tatu kutoka kule. Refa mwenye darubini ndiye anayesema: «Imegonga.»

Na hapa kuna jambo la haki. Mtu wa kwanza kwenye kituo anapiga bila kujua upepo. Wa pili, wa tatu, wanaangalia makosa yake na wanajifunza. Kama mtu mmoja anakuwa wa kwanza siku yote, mnamwibia. Kwa hiyo kikundi kinageuza zamu: aliyeanza hapa, kwa kituo kinachofuata anaenda nyuma. Wachimbaji munajua neno hili vizuri. Yule anayetumwa kila siku kuingia wa kwanza, kuonja kama udongo utashika, ni nani? Mara nyingi ni kijana asiye na mjomba pale.

Makosa yasiyo na msamaha

Katika mpira kuna karata ya manjano. Huku, kwa makosa makubwa ya usalama, hapana. Mdomo wa bunduki ukielekea watu, hata kama haina kitu ndani, unaweza kutolewa. Lisasi ikilipuka wakati haukukusudia, umetoka. Ukitembea toka mahali mpaka mahali pengine na bunduki iliyo tayari kulipuka, unaweza kutolewa vilevile. Ukitolewa, unafunga mizigo yako, unarudi nyumbani, na franga uliyolipa hairudi. Ukiwa bingwa wa mwaka jana, vilevile. Ukiwa wewe ndiye uliyenunua sahani zote za chuma, vilevile.

Na lisasi ikigoma? Mtu amevuta, hakuna kitu. Haruhusiwi kufungua haraka. Anaacha bunduki ikielekea kilima, anahesabu sekunde 30, kwa sababu lisasi inaweza kuchelewa tu. Wazee waliofanya kazi mahali pa kulipua mawe wanajua sheria ile kwa jina lingine. Baruti iliyogoma haikimbiliwe. Unangoja nusu saa, ao zaidi, na yule anayerudi kuangalia si mtoto.

Mwanamke wa kuku

Mwaka 1930, pale Bisley, kwenye mashindano makubwa ya Mfalme, mwanamke mmoja alipiga pamoja na waaskari na maofisa. Aliitwa Marjorie Foster. Kazi yake ilikuwa kufuga kuku. Mbele yake hakuna mwanamke aliyewahi kushinda pale. Yeye alishinda, kwa tofauti ya pointi moja tu, na watu walimbeba juu kwa shangwe.

Tunamtaja kwa sababu ya neno moja: sahani haijui nani anapiga. Pale kwenye sheria zinafuatwa kwa wote, mwenye mikono ya kuku anaweza kupita mwenye nyota begani. Pale kwenye sheria zinafuatwa kwa wadogo tu, haitawezekana.

Neno moja linalosimamisha wote

Sasa tufike kwenye kiini. Katika mashindano haya, nani anaruhusiwa kusema «Simama!»? Mkubwa wa mashindano, bila shaka. Marefa. Lakini pia mlengaji yeyote. Mke wa mlengaji aliyekuja kuangalia. Mtoto aliyeona mbuzi akipita karibu na sahani. Neno likitoka, kutoka kinywa chochote, wote wanaacha, masasi yanatolewa, mikono inatoka kwenye bunduki. Hakuna anayeuliza kwanza: «Wewe ni nani?»

Na kama aliyesema alikosea? Kama ile mbuzi ilikuwa jiwe? Mlengaji aliyekatizwa anapewa wakati wake tena na masasi yake. Aliyesema haadhibiwe, hachekwe. Mkubwa wa mashindano mzuri anamshukuru mbele ya watu, kwa makusudi, ili kesho mwingine asiogope.

Tunawaomba musome maneno hayo mara mbili, kisha muende nayo kwenye shimo.

Kwetu, kijana akiona ufa juu ya kichwa cha wenzake na akipaza sauti «Tokeni!», wote wakitoka na udongo usianguke, ni nini kinafuata? Kicheko. Wanamwita mwoga. PDG wa shimo anahesabu saa zilizopotea. Mangaribi kilo za kasiterite zikiwa chache, macho yote yanamwangalia yeye. Kijana yule amejifunza. Siku nyingine akiona ufa, atanyamaza. Na siku ile ndiyo udongo unashuka.

Hatuseme kwamba kila kubomoka kunatokea hivyo. Mvua iko, kina kiko, miti ya kushikilia inakosekana, njaa inasukuma. Lakini neno hili haliombe franga wala mashine. Linaomba kupatana tu. Asubui, mbele ya kushuka, PDG aseme kwa sauti, wote wakisikia: «Leo mtu yeyote anaweza kusimamisha kazi. Akikosea, hatatozwa kitu, na hakuna atakayemcheka.» Kisha kuhesabu: wangapi wanashuka, majina yao. Mangaribi kuhesabu tena mbele ya kufunga. Mtu mmoja abaki juu kila mara, na asiwe yule anayesinzia. Kujua kamba iko wapi, na nani ana pikipiki ya kufikisha mgonjwa kituo cha afya. Maajenti wa SAEMAPE wako kwa kazi ya kusaidia wachimbaji. Waombeni wasimame pamoja nanyi siku ya kupatana ile.

Neno kwa vijana

Tunajua kuna kijana atasoma habari hii na atapenda bunduki zaidi ya sheria. Kwake tunasema wazi. Katika inchi yetu, silaha na masasi viko chini ya sheria ya 3 septemba 1985. Kushika bunduki bila ruhusa ni kosa kubwa, na hakuna mchezo utakaokutetea mbele ya hakimu. Silaha uliyookota msituni, ao ile baba alificha tangu vita, si ya mashindano. Ipelekwe kwa wakubwa wa serikali, na mtu mzima ndiye apeleke.

Lakini kama ni kushindana tu unatafuta, chukua sehemu ile nyingine ya mchezo. Jifunze kuwa refa. Jifunze kuangalia kinachokuwa nyuma ya shabaha, kugeuza zamu ili mdogo asiibiwe, kumtoa nje bingwa kama amevunja sheria. Hiyo inafanya kazi kwenye kiwanja cha mpira, kwenye koperative, kwenye mzani wa négociant, na zaidi ya yote kwenye shimo.

Na wewe mama unayesoma hii pembeni ya mbabula: leo mangaribi akirudi, mbele ya kumuuliza amepata kilo ngapi, muulize swali lingine. «Kwenye shimo yenu, nani anaweza kusema simama?» Akijibu «PDG peke yake», mazungumzo bado hayajaisha.