Deli la Bibi: kasha la barafu linavyotunza tumbaku

Mwanachuo mwenzangu, ukisikia neno deli unafikiria nini? Wengi mtasema aiskrimu. Sisi tuliokulia Kigoma tunafikiria samaki. Nenda mwalo wa Kibirizi asubuhi utayaona madeli ya kila rangi, yamejaa barafu na migebuka, yanasubiri gari. Kazi ya deli ni kutunza baridi, basi. Mimi pia niliamini hivyo mpaka likizo ya mwaka jana, nilipolitumia kutunza kitu ambacho hakihitaji barafu hata kidogo: tumbaku ya bibi yangu.

Kwa msiopajua, Mwandiga ni mji mdogo nje kidogo ya Kigoma mjini, kwenye barabara ya kwenda Manyovu na mpaka wa Burundi. Bibi anauza tumbaku pale sokoni, na ameuza tangu sijazaliwa. Ananunua majani yaliyokaushwa kutoka vijiji vya upande wa Kasulu, anayachambua, mengine anasokota, mengine anasaga ugoro. Wateja wake ni wazee wenzake. Nauli yangu ya kwanza kuja chuoni ilitoka kwenye pindo la kanga yake, kabla boom halijaingia. Kwa hiyo tumbaku ikiharibika, mimi siwezi kusema hainihusu.

Na inaharibika mara mbili kwa mwaka. Kiangazi, Juni mpaka Agosti, jani linakauka mpaka ukilishika linapukutika kama mkate uliochacha juani. Halisokoteki, na mteja hanunui vumbi. Masika yakija mambo yanageuka: jani linalegea, linanuka uvundo, siku chache baadaye lina ukungu mweupe. Bibi alikuwa anafunga mzigo kwa majani ya migomba na kuuweka juu ya dari la jikoni. Ilisaidia kidogo, ila kila msimu alimwaga mzigo, na akimwaga haongei na mtu siku nzima.

Wazo la deli lilitoka mbali. Kaka yangu, mtoto wa mama mdogo, anafanya kazi baa ya hoteli moja Dar es Salaam. Kuna wageni wanaovuta siga, yale masigara manene yaliyoviringwa kwa majani matupu ya tumbaku. Siga moja inaweza kuuzwa bei ya debe la mahindi, kwa hiyo haitupwi tu kabatini. Wenye fedha hulihifadhi kwenye kasha maalumu la mbao linalotunza unyevu. Hoteli ya kaka haikuwa na kasha hilo. Alinitumia picha: deli la plastiki, lilelile la kubebea soda za harusini, na ndani siga zimepangwa kama wanafunzi paredi. Nikajiambia, kama linatosha kwa siga za matajiri, litashindwaje na tumbaku ya Bibi?

Sasa tuingie darasani kidogo.

Jani linafuata hewa

Jani la tumbaku lililokaushwa halijafa kabisa kwa habari ya maji. Hewa ikiwa kavu, jani linatoa maji. Hewa ikiwa na unyevu, jani linayanywa. Linaendelea hivyo mpaka lipatane na hewa iliyolizunguka. Kwa hiyo ukitaka kulitawala jani, tawala hewa yake.

Unyevu wa hewa hupimwa kwa asilimia. Asilimia hiyo inalinganisha mvuke uliopo hewani na mvuke ambao ungekuwepo kama hewa hiyo, katika joto hilohilo, ingekuwa imeshiba. Asilimia 100 maana yake imeshiba, ikizidi hapo ni umande. Watunza siga hupenda asilimia kati ya 65 na 72. Chini sana jani linapasuka. Ikipanda kuelekea 80 unaukaribisha ukungu.

Kazi ya deli hapa ni nini? Ni kufunga mlango. Plastiki hainywi maji, na kifuniko kikibana vizuri hewa ya nje haiingii hovyo. Lile povu gumu lililo katikati ya kuta zake linazuia joto lisipande na kushuka ghafla. Hili la joto msilidharau. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30 ikishiba ina mvuke wa gramu 30 hivi. Yenye nyuzi 20 hushiba kwa gramu 17 hivi. Hewa ya mchana wa nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 ina gramu kama 23. Ipoze usiku mpaka nyuzi 20, zile gramu 6 zilizozidi zinakwenda wapi? Zinakuwa jasho kwenye kifuniko, na jasho hilo linadondoka juu ya tumbaku. Ukuta mwembamba wa ndoo unapoa haraka. Wa deli unapoa polepole.

Lakini kufunga mlango hakutoshi, na hapo ndipo nilipoanza kufeli.

Makosa yangu matatu

Kosa la kwanza lilikuwa la ubahili. Nilichukua deli la zamani la samaki, nikaliosha kwa sabuni na magadi, nikalianika siku mbili. Nilinusa, nikaona safi. Tumbaku ilikaa humo wiki moja. Mzee mmoja akaja sokoni, akanusa msokoto wake, akamwambia Bibi, "Mama, leo umeniuzia mgebuka?" Soko zima lilicheka. Tumbaku hunasa harufu ya kitu chochote kilicho jirani, na plastiki iliyokunywa mafuta ya samaki haisahau. Tulinunua deli jipya. Hata jipya lina harufu ya kiwandani, liache wazi kivulini siku kadhaa kwanza.

Kosa la pili lilikuwa la haraka. Ilikuwa kiangazi, majani yamekauka, nikaweka sponji iliyolowa maji ndani ya deli na kufunga. Nilirudi baada ya siku tano. Ukungu! Majani yaliyokuwa karibu na sponji yalikuwa na manyoya. Sababu ni rahisi, nilikuwa nimeisoma na bado sikuitumia: maji matupu kwenye chombo kilichofungwa hayajui kukoma. Yanaendelea kutoa mvuke mpaka hewa ifike karibu asilimia 100. Bibi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mjukuu wangu, hicho chuo wanawafundisha kulowesha?"

Kosa la tatu nililizuia mapema, ila nawatajia. Kuna mtu atasema tuweke barafu kidogo. Hapana. Barafu ikiyeyuka ni maji, na tumeshaona maji yanafanya nini.

Chumvi ya Uvinza ndiyo fundi

Dawa ilikuwa jikoni. Chukua bakuli la plastiki au kioo, si la bati maana chumvi inakula chuma. Weka chumvi, ongeza maji kidogo kidogo mpaka iwe kama mchanga uliolowa. Chumvi isiyeyuke yote, na maji yasikauke yote, vyote viwili vionekane. Weka bakuli kwenye kona ya deli, lifunike kwa kitambaa chepesi, lisiguse tumbaku. Funga, subiri siku nzima.

Hewa ya ndani itaelekea asilimia 75. Si 60, si 90, ni 75 au karibu nayo. Na kwa joto letu la kawaida la nyuzi 20 mpaka 30 namba hiyo haibadiliki kwa kiasi cha kukusumbua.

Kwa nini? Chembe za chumvi zilizoyeyuka zinazishika molekuli za maji, kwa hiyo yanayofanikiwa kutoka kama mvuke ni machache kuliko yanayotoka kwenye maji matupu. Kila mia zinazotoka kwenye maji matupu, hapa zinatoka kama 75. Hewa ikiwa kavu kuliko hapo, bakuli linatoa maji. Hewa ikiwa na unyevu zaidi, bakuli linayanywa. Na kwa kuwa kuna chumvi ya akiba isiyoyeyuka, nguvu ya mchanganyiko inabaki ileile. Ukiona chumvi yote imeyeyuka, ongeza chumvi. Ukiona imekauka kama jiwe, ongeza kijiko cha maji. Watu wanaouza na kutunza siga duniani hutumia kanuni hii hii kukagua vipimo vyao vya unyevu: wanafunga kipimo pamoja na chumvi iliyolowa, na kisiposoma 75 wanajua kinadanganya.

Nilipenda zaidi kwamba chumvi yenyewe ni ya kwetu. Chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza zimechemshwa na watu kwa zaidi ya miaka elfu moja, na chumvi yake iliuzwa mpaka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kabla hakujawa na reli wala shilingi. Bibi yeye hakushangaa. Alisema chumvi ikikaa wazi wakati wa masika inalowa, kila mwanamke anajua hilo. Kweli, na sababu ni hiyohiyo. Hewa ikipita 75, chumvi inaanza kunywa.

Tunavyofanya sasa

Namba 75 ni ya mpakani. Iko juu kidogo ya wanayopenda watunza siga, na mzigo ukikaa nayo muda mrefu bila kuangaliwa unaweza kuota ukungu. Kwa hiyo kiangazi bakuli linakaa ndani, lakini mara moja kwa juma Bibi anafungua, anageuza majani, ananusa, anafunga. Jani likishalainika vya kutosha kusokotwa, bakuli linatoka. Masika tunafanya kinyume: tunasubiri siku ya jua, majani yakauke vizuri, tunayaingiza deli na kufunga bila bakuli. Hapo kazi ya deli ni kuzuia mvua ya nje tu.

Pia tunalijaza. Deli la lita 50 lina mvuke wa gramu moja hivi tu hewani, wakati majani yenyewe yamebeba maji mara mamia ya hapo. Majani mengi yanatulizana yenyewe, lakini deli tupu linayumba kila ukifungua. Wale wenye makasha ya mbao wanapata utulivu huo kwenye mbao zake, kwa kawaida za mti uitwao Cedrela odorata, ambao ni wa ukoo mmoja na mwarobaini na mkangazi wetu. Mbao hizo hunywa na kutoa unyevu. Plastiki haiwezi.

Mwisho, kivuli. Deli halipoozi kitu, linachelewesha joto tu. Kuna fukusi mdogo wa kahawia, Lasioderma serricorne, ambaye mayai yake hujificha ndani ya tumbaku na huanguliwa kwa urahisi joto likipita nyuzi 24 au 25. Mchana wa Kigoma unapita hapo bila shida. Ndiyo maana deli la Bibi liko sakafuni, chumba cha nyuma, mbali na bati na mbali na jiko.

Swali ambalo najua mtauliza

Wewe mwalimu mtarajiwa, unahangaika kutunza tumbaku? Rafiki yangu wa hosteli aliniuliza hivyo hivyo, na sikuwa na jibu zuri. Tumbaku inaua, iwe ya kuvutwa au ya kunuswa, na ugoro wa kuweka mdomoni unaleta saratani ya kinywa. Nchi yetu ina sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku tangu mwaka 2003, na hairuhusu kuwauzia walio chini ya miaka 18. Nilimwambia Bibi hayo yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na karo nilipe kwa nini?" Tulikubaliana mambo mawili. Mtoto akitumwa tumbaku na babu yake anarudishwa mikono mitupu, babu aje mwenyewe. La pili, ile fedha isiyomwagwa tena na ukungu inawekwa pembeni kununulia mawese ya kuuza. Anaanza kidogo kidogo. Mwaka huu meza yake ina chupa sita za mawese upande wa kulia. Tumbaku bado iko kushoto, na bado ndiyo inauza zaidi. Siwezi kuwadanganya.

Kwa upande wangu, somo nimelipata. Nikienda mazoezi ya kufundisha, shule nyingi nitakazopangiwa hazitakuwa na maabara ya maana. Lakini kopo lenye kifuniko lipo, chumvi ipo, biskuti moja kavu ipo. Weka biskuti kwenye kopo lenye maji kidogo, nyingine kwenye kopo lenye chumvi iliyolowa, nyingine acha mezani. Baada ya siku mbili waulize wanafunzi wakwambie kilichotokea kabla hujawaambia wewe. Hapo wataelewa unyevu wa hewa kuliko wakikariri maana yake ubaoni, kama nilivyokariri mimi, nikafaulu mtihani, kisha nikaenda kulowesha tumbaku ya Bibi.