Je, Wajua? Mtoto Aachishwapo Ngano

Je, wajua ya kuwa mtoto mwenye maradhi ya seliaki, ambaye utumbo wake hudhurika kwa gluteni iliyomo katika ngano na shayiri hata akadumaa ilhali anakula, akiachishwa nafaka hizo aghalabu huongezeka uzani kwanza, kisha kimo chake kikaanza kuwafuata wenziwe? Tabibu Willem Dicke wa Uholanzi aliyabainisha madhara ya ngano katika tasnifu yake ya mwaka 1950. Kampala, alhamdulillahi, matoke yafukayo mvuke ndani ya majani ya mgomba, mihogo na karanga havina gluteni. La kuhadhari ni mandazi, na ile chapati ya rolex iviringishwayo na mayai. Ila mtoto apimwe damu kabla hajaachishwa ngano, kwani baadaye kipimo huweza kuuficha ugonjwa.