Mkimbiaji wa Usiku na Pete ya Gyges

Usiku wa manane, kwenye boma lolote la Wajaluo kati ya Rongo na Awendo, huko Migori, changarawe zinamwagikia bati. Mlango unagongwa, tena kwa makalio, si kwa ngumi. Wenye nyumba hawatoki. Wanajua ni jajuok, mkimbiaji wa usiku, ambaye Mswahili wa pwani angemwita mwanga. Wanajua pia kwamba kesho huenda wakasalimiana naye sokoni, macho yake mekundu kidogo kwa kukosa usingizi.

Haibi wala hapigi mtu. Hukimbia uchi, akatisha watu, kisha akarudi kulala. Je, ni mwovu?

Swali hili lina ndugu yake Athens. Katika kitabu cha pili cha Jamhuri, Plato anampa kakaye Glaucon kisa cha mchungaji wa Lydia, katika ukoo wa Gyges, aliyeokota pete ndani ya ufa wa ardhi. Akigeuza kito chake kuelekea kiganjani, haonekani. Basi akazini na malkia, akamuua mfalme na kutwaa ufalme. Glaucon anauliza: nani angebaki mwadilifu akiwa na pete hiyo? Giza la Migori ni pete ya bure, kila mtu anayo. Lakini mkimbiaji wetu huivaa asipate hata shilingi moja, na mtu wa namna hiyo Glaucon hakumwazia.

Wazee husema ni damu. Mtu hurithi, mwili humwasha, na asipotoka huugua. Hapo Socrates angepata taabu, kwa kuwa alishikilia kwamba hakuna atendaye ubaya kwa hiari: anayekosea hajui lililo jema. Mkimbiaji anajua vizuri sana. Ndiyo maana anasubiri watu walale. Aristotle anamfaa zaidi. Alikubali kwamba mtu anaweza kujua lililo sawa na bado akashindwa na matamanio. Tena, katika kitabu cha saba cha Maadili ya Nikomako, anawatenga wale wanaosukumwa na ugonjwa au mazoea: wanaojing'oa nywele, wanaotafuna kucha, wanaokula makaa na udongo. Hao, asema, wako nje ya mipaka ya uovu wenyewe. (Mama mjamzito aliyetoka kununua odowa, udongo wa kutafuna, sokoni Oyugis angefurahi kusikia hivyo.)

Uovu wa pili wa Wajaluo ni mgumu zaidi, kwa sababu hauhitaji mtu mbaya. Mdogo asijenge boma lake kabla ya kakaye; mke mdogo asipande mbegu kabla ya mikayi, mke wa kwanza. Desturi za Wajaluo ziliandikwa na Paul Mboya, mtu wa Karachuonyo, katika Luo Kitgi gi Timbegi mwaka 1938. Anayekiuka mwiko huingiwa na chira: hukonda, hudhoofika, na watoto wake hufa. Kutojua si kinga. Oedipus wa Sophocles alimuua babaye bila kumtambua, na tauni ikaishukia Thebes vilevile. Chira iko upande wa Sophocles, mbali na Socrates, na si jambo la vitabuni tu. UKIMWI ulipoingia Nyanza Kusini katika miaka ya 1980, wagonjwa walikonda kama alivyotarajiwa kukonda mtu wa chira, na familia nyingi zikakimbilia manyasi, dawa ya mitishamba, zikiulizana ni mwiko gani uliovunjwa.

Kulinganisha huku kuna hatari yake, na aliyeionya Afrika Mashariki kwa ukali kuliko wote ni mshairi wa Uganda, Okot p'Bitek. Aliwalaumu wasomi kwa kuivalisha miungu ya Afrika kanzu za Kigiriki. Anasimulia kwamba mwaka 1911 mapadri wa Kiitaliano waliwauliza wazee wa Acholi, jamaa wa Wajaluo kaskazini mwa Uganda, ni nani aliyewaumba. Lugha haikuwa na neno la kuumba, swali likageuka: nani aliwafinyanga? Wazee hawakuelewa, kwani mtu huzaliwa na mamaye. Mwishowe mmoja akakumbuka kifua kikuu cha uti wa mgongo, kinachompinda mtu hadi akatoka kibyongo. Anayefinyanga hivyo, akasema, ni Rubanga, pepo wa maradhi hayo.

Plato, katika kitabu kilekile chenye pete, alisisitiza kwamba Mungu ni chanzo cha mema peke yake. Wakatoliki wa Acholi humwomba Mungu huyo hadi leo kwa jina la Rubanga.