Saa Iliyopandishwa Sitahani

Kianjai, katika Kaunti ya Meru nchini Kenya, iko zaidi ya kilomita 400 kutoka ufuo wowote wa bahari. Hata hivyo, swali lililowahangaisha mabaharia kwa karne nyingi linaweza kujibiwa pale kwa fimbo na saa. Siku ya Krismasi, simika fimbo wima juani, ungoje kivuli chake kiwe kifupi kuliko wakati mwingine wote wa siku. Saa yako itasoma takriban saa sita na dakika 29, si saa sita kamili. Wakati huo Greenwich, Uingereza, ni saa tatu na dakika 29 asubuhi, kwa hiyo adhuhuri ya Kianjai imeitangulia ya Greenwich kwa saa 2 na dakika 31. Dunia hujizungusha nyuzi 15 kila saa. Piga hesabu: uko nyuzi 37 na robo tatu mashariki. Hiyo ndiyo longitudo yako. (Krismasi haikuchaguliwa kwa ajili ya sherehe. Ni mojawapo ya siku nne za mwaka ambazo jua na saa hukubaliana. Mwanzoni mwa Novemba jua huitangulia saa kwa dakika 16 hivi, na katikati ya Februari huchelewa dakika 14.)

Latitudo haikuwa tatizo. Manahodha wa Bahari ya Hindi waliipima kwa urefu wa nyota, wakitumia kibao chenye uzi wa mafundo. Longitudo ndiyo iliyozamisha meli, maana inadai ujue saa ngapi mahali pengine wakati huo huo, nawe uko kwenye chombo kinachoyumba, chenye joto na unyevu wa chumvi. Aliyelitatua jambo hilo alikuwa seremala Mwingereza, John Harrison. Saa yake ya nne, iliyokamilika mwaka 1759, ilifanana na saa ya mfukoni iliyonenepa. Ilipopelekwa Jamaica kwa majaribio kuanzia 1761, ilikosea sekunde 5 tu kwa siku 81, baada ya kuhesabu mwendo wake uliojulikana.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo kiini cha mambo. Watu hudhani saa bora ya baharini ni ile isiyokosea. Hakuna saa ya namna hiyo. Baharia alitaka saa inayokosea kiasi kile kile kila siku. Saa inayokimbia sekunde 2 kwa siku, leo, kesho na mwezi ujao, ni hazina: baada ya siku 30 unatoa dakika moja na mambo yamekwisha. Ile inayokimbia sekunde 2 leo na kuchelewa 3 kesho ni balaa, hata kama ukiitazama kwa bahati unaikuta sahihi. Ndiyo sababu wakati wa safari kronomita, yaani saa hiyo ya baharini, haikurekebishwa. Ilijazwa kila siku saa ile ile, na kosa lake likaandikwa daftarini.

Kronomita yenyewe ilikaa chini, katikati ya meli ambako mtikisiko ni mdogo, ikining'inia ndani ya sanduku kwa pete za shaba zilizoifanya ibaki mlalo meli inapolala ubavu. Haikubebwa huku na huko. Lakini jua hupimwa juu, kwenye upepo. Kazi ya kuubeba wakati kutoka sandukuni hadi sitahani ilipewa saa ya pili, ya bei nafuu kidogo, kubwa kuliko saa ya mfukoni ya kawaida, iliyolazwa katika kisanduku cha mbao: saa ya sitaha. Ililinganishwa na kronomita, kisha ikapandishwa juu. Afisa akashika sekstanti na kulishusha jua kwenye kioo mpaka liguse upeo wa bahari. Akipaza sauti, msaidizi wake alisoma sekunde kwanza, halafu dakika, na saa mwisho, kwa kuwa mshale wa sekunde haumngoji mtu. Katika ikweta sekunde 4 ni maili moja ya bahari. Mtu wa Kianjai akitumia saa iliyochelewa dakika moja bila kujua, hesabu itamtupa kilomita 28 mashariki, ng'ambo ya mji wa Maua.

Adui mkubwa wa saa hizi alikuwa joto, linalolegeza springi nyembamba inayoongoza gurudumu la mizani. Mswisi Charles-Édouard Guillaume, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1920, aligundua aloi iitwayo elinvari, ambayo ugumu wake haubadiliki sana kwa joto wala baridi. Redio nayo ilisaidia. Milio sita ya BBC, ambayo wazee wetu wengi waliijua kabla ya taarifa ya habari, ilianza 1924. Meli iliyoweza kupata ishara ya wakati hewani kila siku haikuhitaji saa ya kuaminiwa miezi mitatu mfululizo, na vyombo vidogo vya kivita vikaridhika na saa ya sitaha peke yake.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyozizalisha kwa wingi. Huko Marekani kampuni ya Hamilton ilitengeneza Modeli 22, yenye vijiwe 21 na springi ya elinvari. Mwaka 1942 kundi la meli za Uingereza la Mashariki lilihamia Kilindini, Mombasa, baada ya Wajapani kushambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo), na saa za sitaha zilikuwa sehemu ya vifaa vya kawaida vya meli za kivita. Zile za Waingereza hutambulika hadi leo mgongoni: mshale wa mali ya serikali na herufi H.S., za idara ya upimaji wa bahari.

Kubeba wakati bara kulikuwa kugumu zaidi. Katika safari ya wapelelezi Waingereza Burton na Speke ya 1857 hadi 1859 saa ziliharibika, na Speke akaishia kuning'iniza risasi kwa uzi wa karibu mita moja, urefu unaoifanya ipige sekunde. Hata Nyambene, vilima vinavyoonekana kutoka Kianjai, vilichorwa ramani na mtu wa baharini: Ludwig von Höhnel, afisa wa majini wa Austria-Hungaria, aliyefika na Mmarekani William Astor Chanler wakitokea Lamu mwaka 1892.

Leo kazi ya kubeba wakati hufanywa na saa za atomi ndani ya satelaiti. Nazo zina mwendo wao: huko juu huzitangulia zilizo ardhini kwa mikrosekunde 38 kwa siku, kama Einstein alivyotabiri. Hivyo hupunguzwa kasi kabla ya kurushwa. Zisingepunguzwa, vipimo vya umbali kutoka kwenye satelaiti hizo vingepotoka kwa kilomita 11 hivi kila siku.