Tredimili: Kabla ya Kununua Mota Kubwa, Uliza Uzito Umebebwa na Nini

Karibu kila gym ya chuo ina ile tredimili moja iliyobandikwa karatasi imeandikwa "MBOVU". Ukiuliza imekufa nini, jibu ni lilelile: umeme. Ulikatika ghafla, ukarudi na nguvu, ukaunguza. Inawezekana kabisa. Lakini kuna mtuhumiwa mwingine ambaye hatajwi, naye yuko chini ya mkanda, mahali ambapo hakuna anayechungulia. Anaitwa msuguano.

Makala haya ni ya wale wanaofikiria kutengeneza mashine ya kutembelea kama projekti ya mwaka wa mwisho, na pia ni ya kila anayechangia kununua mashine za gym. Hoja yangu ni moja: tredimili ya kutembelea haihitaji nguvu nyingi, inahitaji upinzani mdogo. Ukishaelewa uzito wa mtu unabebwa na nini, mengine yote yanafuata.

Mota inafanya kazi gani hasa?

Wengi tutasema mota inatusukuma. Sasa ngoja tuangalie. Unapotembea kwa kasi isiyobadilika, kisigino kikitua kinaupinga mkanda kidogo. Baadaye vidole vikiondoka vinausukuma nyuma, yaani vinausaidia. Ukijumlisha hatua nzima, viwili hivyo vinafutana. Kwa wastani miguu yako haiupi mkanda kitu wala haiunyang'anyi kitu.

Kumbe mota inahangaika na nini? Katika tredimili nyingi, chini ya mkanda kuna ubao. Mkanda unaburuzwa juu ya ubao huo huku wewe umeukandamiza kwa uzito wako wote. Kazi ya mota, karibu yote, ni kushinda huo mburuzo.

Tupige hesabu. Mtu wa kilo 70 ana uzito wa nyutoni kama 690. Chukua namba ya msuguano, yaani sehemu ya uzito inayogeuka kuwa upinzani, iwe 0.2. Upinzani unakuwa nyutoni 137 hivi. Akitembea kilomita 4 kwa saa, mkanda unakwenda mita 1.1 kwa sekunde, kwa hiyo mota inatoa kama wati 150. Wati hizo zote zinaishia kuwa joto kati ya mkanda na ubao. Ndiyo maana ukigusa ubao baada ya mtu kutembea nusu saa, unakuta una moto.

Sasa mafuta ya silikoni yakauke, vumbi liingie, namba ipande hadi 0.4. Mtu ni yuleyule, kasi ni ileile, lakini mota inadaiwa wati 300. Inavuta umeme mwingi zaidi, na sakiti inayoiongoza inaanza kupata joto. Siku moja inaungua. Tunasema umeme.

Kuna jambo jingine ambalo linawapiga chenga wengi. Mtu anaweza kudhani kutembea polepole kunaipumzisha mota. Wati zinapungua kweli, lakini nguvu ya kuzungusha inabaki palepale, kwa sababu upinzani unategemea uzito, hautegemei kasi. Mota ya umeme wa DC inavuta mkondo kulingana na nguvu hiyo ya kuzungusha. Na feni ya kuipoza, ambayo mara nyingi imefungwa kwenye ekseli yake yenyewe, sasa inazunguka taratibu. Yaani mota inabeba mzigo uleule huku inapepewa kidogo. Ndiyo sababu mashine ya kutembelea inastahili kusanifiwa kivyake, isichukuliwe tu kuwa ni ya kukimbilia iliyopunguzwa kasi.

Ukiondoa mota, msuguano unageuka kilima

Kwa nchi ambayo umeme unaweza kukatika katikati ya mazoezi, wazo la tredimili isiyo na mota linavutia. Mtu anatembea, mkanda unazunguka kwa uzito wake mwenyewe. Ili iwezekane, mashine inainuliwa mbele, uzito uuvute mkanda kushuka nyuma.

Iinuliwe kiasi gani? Hapa fizikia ya sekondari inatupa jibu tamu: mwinuko unaohitajika ni sawa na namba ya msuguano. Namba ikiwa 0.2, unahitaji kupanda sentimita 20 kwa kila mita moja ya urefu. Hicho ni kilima hasa. Namba ikishuka hadi 0.05, unahitaji sentimita 5 tu.

Mfikirie mzee anayejifunza kutembea tena baada ya kiharusi. Mpe mwinuko wa sentimita 20 kwa mita, umemwambia apande mlima na mguu mmoja dhaifu. Mpe sentimita 5, amepata mazoezi. Tofauti kati ya mashine inayomsaidia na mashine inayomkatisha tamaa iko kwenye namba moja ndogo.

Tena msuguano wa kuburuza una tabia mbaya: kukianzisha kitu kilichosimama kunataka nguvu kuliko kukiendeleza kikiwa kinakwenda. Mkanda unagoma, unagoma, kisha unachomoka. Kijana anacheka. Mzee anaanguka.

Kutoka kuburuza kwenda kuviringisha

Suluhisho ni la siku nyingi kuliko tredimili yenyewe. Ukitaka kusogeza jokofu zito sakafuni, unaweka mabomba chini yake. Tredimili nayo ilianza hivyohivyo kuingia majumbani. William Staub, mhandisi wa Marekani aliyetengeneza mojawapo ya tredimili za kwanza za nyumbani mwishoni mwa miaka ya 1960, alifanya hivyo baada ya kusoma kitabu cha Dkt. Kenneth Cooper, Aerobics, cha mwaka 1968. Mashine yake ya mwanzo ilikuwa na rola 40 za chuma chini ya mkanda wa rangi ya chungwa. Haikuwa na ubao wa kuburuziwa.

Kwa nini basi viwanda vingi vikarudi kwenye ubao? Hesabu beringi. Tuseme unataka eneo la kutembelea lenye urefu wa sentimita 120. Unakata mabomba ya kipenyo cha milimita 48, yale ya inchi moja na nusu, unayapanga kila sentimita 6 toka katikati hadi katikati. Unapata rola 20, na kila rola inataka beringi mbili: jumla 40. Ubao mmoja ni rahisi zaidi, una kelele chache na haupimwi unyoofu mara ishirini. Viwanda vilikubali kuulipia msuguano kwa umeme. Sisi tunaotaka mashine ya kutembelea yenye mota ndogo, au isiyo na mota, hatuna sababu ya kukubali bei hiyo.

Rola zikiwa nzuri, namba ya msuguano inaweza kushuka chini ya 0.05. Ila zina masharti yake.

Sharti la kwanza ni nafasi. Rola zikikaa mbalimbali, mguu unauzamisha mkanda kwenye pengo, kisha mkanda unapanda tena juu ya rola inayofuata. Kupanda huko ni nguvu inayopotea, na unyayo unahisi matuta. Katika mfano wetu pengo ni milimita 12, na mguu wa mtu mzima unakaa juu ya rola nne kwa pamoja.

Sharti la pili ni unene wa mkanda. Mkanda mnene hauzami, lakini unapokunjwa kwenye rola za mwisho unapinga kukunjwa na baadaye unapasuka. Ukichagua mkanda mnene, ongeza kipenyo cha rola za mbele na nyuma.

Sharti la tatu ni beringi. Kwa kasi yetu, rola ya milimita 48 inazunguka kama mara 440 kwa dakika, ambayo kwa beringi ni matembezi ya jioni. Beringi zenye kizibo cha mpira zinazuia vumbi vizuri, lakini mpira unagusa na kusugua. Zenye kifuniko cha bati ni nyepesi kuzunguka, ila vumbi linapenya kirahisi zaidi. Kwa mashine ya ndani, bati inafaa. Na rola zote zikae sambamba. Moja ikipinda kidogo, mkanda unahamia pembeni.

Pale ambapo msuguano unatakiwa

Hadi hapa utadhani msuguano ni adui wa kufukuzwa kila mahali. Hapana. Kiatu lazima kishike mkanda, na mkanda lazima ushike rola ya mota. Kwenye mashine ya ubao hili ni fumbo kweli, kwa sababu upande uleule wa chini wa mkanda unaotakiwa uteleze kwenye ubao ndio unaotakiwa ushike kwenye rola. Ukimwaga mafuta mengi ubao ufurahi, rola inateleza. Mtu anaona mkanda unakwama kila akikanyaga, anachukua spana anaukaza. Mkanda uliokazwa sana unazikandamiza beringi, unavutika, na mota inazidi kulemewa. Tatizo limehamishwa tu.

Angalia namba. Mkanda ukizunguka nusu ya rola, na msuguano wao ukiwa 0.3, upande uliokaza unaweza kuuzidi upande uliolegea mara 2.5 hivi kabla ya kuteleza. Kuvuta zile nyutoni 137 kunataka upande mmoja uwe na nyutoni 230 na mwingine 90. Lakini ukishusha msuguano wa chini ya mguu hadi 0.05, zinatosha nyutoni 56 na 22. Mkanda unakaa kwa kulegea zaidi, beringi za mwisho zinapumua, mota inakuwa ndogo. Kupunguza upinzani mahali pamoja kumepunguza mzigo kila mahali. Na kwa kuwa mashine ya rola haihitaji mafuta chini ya mkanda, rola ya mota inaweza kuvishwa mpira na ikashika vizuri.

Jambo la ajabu kidogo: rola ya mwisho isiwe nyoofu kabisa. Mpe fundi wa kukereza aiache nene katikati kwa milimita moja hivi, kama pipa. Mkanda bapa hupanda kuelekea sehemu iliyo nene zaidi, kwa hiyo unajirudisha katikati wenyewe.

Na kwa mashine isiyo na mota, usisahau breki. Msuguano ukiwa mdogo sana na mteremko ukabaki, mkanda utakimbia na mtu juu yake, kama aliyekanyaga ganda la ndizi. Gurudumu zito la kutuliza mwendo, pamoja na breki inayorekebishwa, ni sehemu ya usanifu. Usiviache hadi mwisho kama mapambo.

Pima kabla ya kubishana

Uzuri ni kwamba hii namba ya msuguano unaweza kuipima kwa mizani ya kuning'iniza, ile yenye ndoano. Chomoa mashine kwenye umeme. Bana mkanda kwa klampu, ivute kwa mizani taratibu ikiwa tupu, andika kilo. Kisha mwenzako mwenye kilo 70 asimame juu, avutwe sentimita chache bila kuegemea vishikio, andika tena. Toa ya kwanza kwenye ya pili, gawa kwa 70. Tofauti ikiwa kilo 14, una 0.2. Ikiwa kilo 28, mashine hiyo inaelekea kubandikwa karatasi, na chupa ya mafuta ya silikoni leo ni nafuu kuliko sakiti mpya mwezi ujao.

Kwa wenye projekti, anzeni na rola tatu tu na kipande cha mkanda, mvipime hivyohivyo kabla ya kukata mabomba ishirini. Namba mtakayoipata ndiyo itakayowaambia mota ya ukubwa gani inahitajika, au kama inahitajika kabisa.